Siku Tuliyokwenda Kumpa Pole

Geti la nyumba ya Shosho lilikuwa la chuma, la kijani, na alilifungua mwenyewe. Katika barabara yetu ya Njiru, ndani kidogo ukitoka Kangundo Road, wenye nyumba kama ile huwa na mtu wa kuwafungulia. Yeye hakuwa na mtu. Ukigonga ungesikia ndala zake juu ya kokoto, na sauti yake ikisema, "nakuja, nakuja," kabla hata ya kuuliza ni nani. Watoto waligonga kuomba mapera, akafungua. Watu wa dini waligonga, akafungua na kuwasikiliza mpaka mwisho. Mimi pia nilifunguliwa hivyo siku mama yangu aliponipeleka kuomba kazi ya kufua. Sikuweza kusema neno, kwa hiyo mama alisema yote, nami nikatazama kokoto.

Shosho alikuwa mzungu, mjane, mwalimu aliyestaafu kutoka nchi ya baridi. Yeye na mumewe walikuwa wakija Kenya kutembea kila mwaka, mpaka wakaamua kununua nyumba ile ili wazeekee huku. Mumewe alifariki kabla hawajahamia. Akaja peke yake, na masanduku mawili. Kiswahili alikuwa amejifunza kabla ya kuja, kizuri lakini cha polepole, kana kwamba kila neno linatolewa kabatini kwanza likafutwa vumbi. Jina la Shosho, yaani bibi, alipewa na watoto wa barabarani, na alilipenda kuliko lake.

Nilifanya kazi kwake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sikuendelea. Kuandika ninaweza, ila mkono wangu ni mzito, na mtu akinitazama herufi zinakataa. Kila Ijumaa Shosho alinipa karatasi niandike vitu vya kununua sokoni. Angeweza kuandika mwenyewe kwa dakika moja. Alisimama dirishani akanipa mgongo na kuanza kutaja: vitunguu, sabuni, chumvi. Halafu akanyamaza mpaka asikie kalamu imesimama ndipo ataje kingine. Hakugeuka hata siku moja kuona nimefika wapi.

Waliomwibia walikuja siku ya Alhamisi, siku ambayo siendi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wakipita. Walikuwa vijana wawili waliovaa yale makoti ya kung'aa ya mafundi, mmoja ameshika daftari. Walisema wao ni watu wa maji, wamekuja kuangalia mita. Alifungua.

Mama mboga ndiye aliyemtoa. Kibanda chake kiko mkabala na geti lile, na kila siku kabla ya saa sita Shosho huvuka kwenda kuchagua nyanya, akizibonyeza moja moja, na mama mboga akimgombeza kwa kuzibonyeza. Siku hiyo hakuvuka. Mama mboga akaona geti limeachwa wazi, akaingia akiita, akasikia mtu anagonga mlango wa bafu kutoka ndani. Alipomfungulia alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akavua leso yake mwenyewe akamfunika mabegani, akamketisha, akamtengenezea chai. Sisi tulikuta tayari mtaa mzima umejaa barabarani, watu wakisimama mbali kwa aibu, kana kwamba wote walikuwa wameulizwa swali moja.

Polisi walikuja wakaandika. Wezi walichukua kompyuta, simu, redio na kamera, ndivyo polisi walivyoandika.

Baada ya hapo nyumba ile ikabadilika. Mpwa wake, binti wa dada yake aliyeko kwao, alipiga simu kila siku. Ni yeye aliyetaka kuwe na kengele. Watu wa kampuni ya ulinzi wakaja kuifunga, wakampa kidude chenye kitufe cha kuvaa shingoni, akibonyeza gari la askari linakuja. Geti likatiwa kufuli mbili. Mimi nikapewa ufunguo wa kujifungulia, maana yeye hakutaka tena kufika pale. Hakupita ukumbi wa mbele. Nyanya nilimletea mimi, naye alizipokea bila kuzibonyeza.

Kitu kingine kilinisumbua zaidi. Jumatatu ya kwanza baada ya wizi niliingia nikasema, kama kawaida, "Habari ya asubuhi, Shosho." Akaweka kikombe chini. Akaniambia kwa upole, "Tafadhali usiniite hivyo." Sikumuuliza kwa nini. Nikaenda kufua. Kuanzia hapo sikumwita jina lolote, nilikohoa tu kidogo nikitaka anisikie.

Wiki ya tatu aliniambia mpwa wake anamtaka auze nyumba arudi kwao. Aliniambia huku akikunja taulo. Nikauliza, "Utaenda?" Akasema hajui, ila usiku halali, na kuzeeka bila kulala ni kazi kubwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama. Sikusema kuwa sitaki aende. Mama aliniona tu uso.

Mama yangu anapika katika shule ya watoto wadogo na yumo katika kundi la akina mama wa kanisani, watu wa magharibi mwa Kenya na wa Ukambani waliokutana hapa mtaani. Mtu wa mtaa akipatwa na jambo, kundi lile huenda. Akifiwa wanaenda, akiunguliwa na nyumba wanaenda, akiibiwa pia wanaenda. Hubeba unga, sukari na majani ya chai. Hukaa naye. Wiki tatu zilikuwa zimepita na mama mzungu hajaendewa na mtu, mama alisema, kama mtu asiye na majirani. Mama mboga akasema ni aibu, na kwamba hata wale vijana huenda wametoka mitaa hii hii yetu. Wakakubaliana waende Jumapili baada ya ibada.

Nilikuwepo walipokubaliana, nimekaa juu ya kitanda nikichambua mchele. Nilijua habari za kengele. Nilijua kwamba anashtuka hata paka akiruka juu ya mabati. Lakini haikunijia kwamba angepaswa kuambiwa. Ni nani aliyewahi kumpigia mfiwa simu na kumuuliza kama anaweza kuja kumlilia? Pole kwetu haiombewi ruhusa, watu huja tu. Na hata kama ingenijia, wale walikuwa watu wazima wakizungumza, na mimi si mtu wa kuingilia.

Tulikwenda kama wanawake kumi na watano. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na paketi mbili za unga. Ufunguo nilikuwa nimeuacha nyumbani, kwa sababu ulikuwa wa kazi na leo haikuwa siku ya kazi. Walipofika getini waligonga kwa mkono. Kimya. Wakaimba wimbo wa kufariji, kwa sauti ya chini. Kimya. Mama mboga akaokota jiwe akagonga kwa jiwe, kama tunavyogonga sote geti la mtu aliye ndani sana, na wengine wawili wakapanda juu ya tofali wachungulie kama yupo.

Niliona pazia likisogea. Nikajua atabonyeza. Mdomo wangu ulifunguka na hakikutoka kitu.

Gari la askari lilikuja kwa kasi na vumbi. Waliruka wanne, na kofia ngumu na rungu, wakipiga kelele watu wakae chini. Wanawake wakatawanyika. Mmoja alianguka akachubuka goti, na mfuko wake wa sukari ukapasuka pale njiani. Mama hakukimbia. Alisimama na kitambaa chake cha kanisani kichwani akamwambia yule askari mkubwa kwamba wamekuja kumpa mama pole.

"Pole, watu wote hawa?" askari akasema.

"Ulitaka tuje wangapi?"

"Mathe, na jiwe la nini?"

Mama mboga akalitazama jiwe mkononi mwake kama mtu aliyewekewa. Askari akampigia simu mwenye nyumba akaongea naye kidogo, kisha akatuambia kwamba mwenye nyumba anasema hatujui sisi. Akatuomba twende, na sasa aliomba kwa adabu, hata akamsaidia yule wa goti kuinuka. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa. Hatujui.

Jioni walikaa chumbani kwetu na unga wao. Mama mboga hakunywa chai. "Mimi nilimtoa bafuni kwa mikono hii," akasema. "Nikamfunika leso yangu. Leo ananiitia rungu." Mama alijaribu kusema kwamba kutoka dirishani labda aliona vichwa tu, mama mboga akasema kichwa chake kinajulikana mtaa mzima. Hakuna aliyenigeukia kuniuliza. Hakuna aliyewaza kwamba mimi ningeweza kuzuia yote yale kwa sentensi moja.

Jumatatu nilimkuta jikoni. Sanduku moja lilikuwa limetolewa chini ya kitanda na limefunguliwa sebuleni. Akaniambia walirudi jana, na safari hii walikuwa wengi, walipiga geti kwa mawe. Alikuwa amemwambia mpwa wake akate tiketi. Alikoroga chai, na kijiko kikawa kinagonga kikombe.

Nilisimama mlangoni na beseni la nguo. Alinitazama. Sijui aliona nini, ila aliweka kikombe chini, akaenda dirishani, akanipa mgongo.

Nikasema, "Jana hawakuwa wezi. Alikuwa mama yangu."

Hakugeuka. "Mama yako?"

"Na mama mboga. Na wengine wa kanisani. Walikuja kukupa pole."

Halafu akauliza kwa nini hawakumwambia kwamba watakuja, nikamwambia huwa hatuambii. Akauliza kwa nini jiwe, nikamwambia alikuwa hasikii. Aliuliza nilikuwa wapi mimi, nikasema nyuma.

"Uliona askari wakija?"

"Niliona."

"Na hukusema kitu."

"Sikusema. Na nilijua habari ya kengele kabla hatujatoka nyumbani."

Hapo aligeuka. Nilidhani atanikasirikia, na ingekuwa haki. Uso wake ulikuwa mweupe na mdogo. Aliuliza kama kuna aliyeumia. Nikamwambia goti. Akaketi, akashika paji la uso, akasema neno kwa lugha yake. Baadaye akaniuliza, kama mtu anayeuliza dawa inanywewaje: mtu akija kukupa pole, wewe unatakiwa kufanya nini? Unampa chakula? Unampa kitu?

Nililazimika kufikiri, maana sijawahi kuulizwa jambo hilo. "Unamweleza ilivyokuwa," nikasema.

"Nimeshaeleza polisi."

"Si hivyo. Kuanzia ulipoamka."

Mchana, nikianika nguo, alikuja mpaka mwisho wa ukumbi akaniuliza kama mama mboga angekubali kumwona. "Asije yeye hapa," akasema. "Mimi niende kwake."

Kumwambia mama mboga ilikuwa kazi kubwa kuliko ya asubuhi. Kibandani kulikuwa na wateja, nami nikasimama kando nikishika kabeji moja kama nataka kuinunua, mpaka wakaisha. Nilipomaliza kusema alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe huyu bubu anaongea."

Nikaangalia kabeji.

"Ulijua habari ya hiyo kengele, ukaniacha nigonge na jiwe?"

"Nilijua."

Alicheka kidogo kwa pua, si kwa furaha. Akapanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimepangika tayari. Mwishowe akaniambia nimwambie aje kesho saa kumi, kwetu, kwa mama yangu, maana kibandani si mahali pa kuongea. "Na aiache hiyo kengele yake," akasema. Mama aliposikia jioni alisema aivae tu ikiwa inamtuliza, hapa kwetu hata ikilia askari hawatapata njia.

Alikuja. Nilikwenda kumchukua, nikafungua kufuli zote mbili, na pale getini alisimama muda mrefu, mguu mmoja nje. Nikanyoosha mkono wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, akaushika. Tulikwenda polepole. Watoto walimwona wakaanza kuja mbio wakiita lile jina, nikahisi mkono wake unanibana.

Chumba chetu ni kimoja, na pazia katikati. Mama alikuwa amemwekea kiti chenye mgongo, wengine walikaa kitandani na juu ya mitungi. Walikuja saba. Yule wa goti alikuja pia, na Shosho alipomwona alitaka kusimama amwombe msamaha, wakamwambia akae, goti lilikuwa la siku nyingi. Chai ikamiminwa. Mama mboga alikaa karibu na mlango.

"Haya," mama akasema. "Tuambie."

Alianza kwa watu wa maji. Mama akamkatiza. "Hapana. Ulipoamka."

Basi akaanza alipoamka. Alieleza kwamba ilikuwa Alhamisi, aliamka akasikia ndege kwenye mpera, akapika uji. Wakamuuliza uji wa nini. Akasema wa wimbi. Wakasema eeh. Alieleza kugongwa kwa geti, daftari, yale makoti. Kijana mrefu alimwomba maji ya kunywa, na aliporudi na glasi walikuwa tayari ndani ya nyumba.

"Ukampa hayo maji?" mama mboga akauliza, neno lake la kwanza.

"Nilimpa. Alikunywa yote. Akasema asante."

"Mbwa," mama mboga akasema.

Kiswahili chake kilikwenda polepole, nao walikingoja. Alipotafuta neno hawakumpa, walimwacha alifikie. Akaeleza yule mdogo, kijana wa kama umri wangu, ambaye ndiye aliyemshika mkono kumpeleka bafuni. Hakumvuta. Alimshika vizuri, kama mtu anayemvusha mzee barabara, akamwambia, "Usiogope, Shosho. Ni vitu tu, Shosho." Akageuza ndoo ili apate pa kukaa. Halafu akamfungia.

Hapo nikaelewa kile nilichokuwa sikielewi tangu Jumatatu ile ya kwanza. Akasema kwamba ndani ya lile bafu hakuogopa sana kufa. Aliwaza tu kwamba kila mtoto aliyewahi kumwita hivyo barabarani sasa atakuwa na sauti ya yule.

Mama mboga alikuwa amekunja uso kama anayepiga hesabu.

"Jina hilo tulikupa sisi," akasema. "Yeye amekuta tu watu wanaliita. Hilo nalo kaliiba, andika pamoja na redio."

Mmoja akacheka, kisha wengine, na Shosho mwenyewe akacheka huku akifuta macho. Wakamuuliza walichukua nini kingine. Akataja vile vya polisi. Kisha, kwa sauti ndogo, akasema koti. Nyuma ya mlango wa chumba chake kulikuwa na koti la sufu la mumewe, zito, lisilofaa kitu katika jua hili. Alikuja nalo katika sanduku. Mimi niliyefua nguo za nyumba ile miaka miwili niliambiwa siku ya kwanza nisiliguse, na sikuwahi kufikiri kwa nini. Hakuwaambia polisi kwa sababu aliona haya. Mtu anaandikishaje koti kuukuu la mtu aliyekufa? Alidhani pengine walilichukua ili wafungie kompyuta.

Wanawake wanne kati ya wale saba walikuwa wajane. Yule wa goti alivuta mtungi wake karibu akamuuliza marehemu alikuwa mrefu au mfupi. Akasema mrefu, mabega hivi. Wakataka kujua alikufa kwa nini, na kama aliwahi kulala katika nyumba ya Njiru, na kama alijua kucheza na watoto. Haya yote sikuwahi kuyauliza. Aliwajibu moja moja, na chai yake ikapoa, mama akaimwaga akammiminia nyingine.

Ndipo mama akauliza lile nililokuwa nikilingoja, na ambalo nisingelitoa mdomoni hata kwa mwaka. "Sasa utatuacha?"

Shosho aliangalia mikono yake. Akasema tiketi imekatwa, ataenda kumwona mpwa wake, kwa sababu mpwa naye anaogopa na hakuna aliyekwenda kukaa naye. Lakini nyumba hatauza. Akasema angependa, akiwa hayupo, mimi nilale pale na mama yangu, tuwashe taa, watu waone kuna watu.

"Na utarudi lini?" mama mboga akauliza.

"Mvua zikianza."

"Usiponirudia, mapera yako nitayauza yote."

Mama mboga akainuka akaketi kitandani karibu naye. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na chumba kilikuwa cha joto na chenye moshi wa jiko. Mlango ukasukumwa, akaingia mama wa nane, mwenye mtoto mgongoni, akiomba radhi kwa kuchelewa kwani alikuwa kazini. Akampa Shosho mkono, akampa pole, akatafuta pa kukaa. Nikampisha juu ya mtungi.

"Huyu hajasikia," mama akasema. "Anza tena."

Shosho alinitazama kama anayeuliza kama ni kweli. Nikaitikia kwa kichwa. Akavuta pumzi, akaweka kikombe chini.

"Ilikuwa Alhamisi," akasema. "Niliamka, nikapika uji."

"Wa wimbi," wakasema wengine.